Kisahani cha Kituoni

Watu hawaogopi moto. Hilo nililijua wiki ya kwanza ya mafunzo, kabla hata sijapewa buti zinazonitosha. Moto wameshauzoea, wanauwasha wenyewe asubuhi na jioni, wanaupikia, wanaupigia pasi. Watu wanaogopa kelele. Kile kisahani cheupe tunachokifunga darini, kinacholia kikinusa moshi, kikilia mara moja tu juu ya kikaango cha vitunguu, basi ukirudi kesho yake unakuta betri imetolewa, na mwenye nyumba anakutazama usoni kana kwamba kisahani kilizaliwa hivyo.

Sisi wanagenzi wa zimamoto hatukushikishwa mipira ya maji. Tulipewa kugonga milango. Kazi yenyewe iliitwa usalama wa jamii: unaingia kwa watu, unatazama nyaya, jiko, njia ya kutokea, unabonyeza kisahani, unajaza fomu. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa na cheti cha chuo, askari wakamwita Diploma. Mimi niliishia shule ya msingi, Diploma akaniita Msingi. Sikubishana naye. Jina la utani ukilipigania ndiyo linaganda.

Mkufunzi wetu alikuwa mtu mzima, mpole, shati lake limenyooka saa zote, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: maiki. Askari walimwita Baba Maiki, akiwa hayupo. Maiki yenyewe haikuwa na waya, na aliweza kuhutubia watu sita kwenye chumba kidogo huku ameishika vilevile. "Sauti ya usalama lazima ifike," alikuwa akisema. Ilifika kweli, ikagonga ukuta, ikarudi.

Sasa maiki ile ilikula betri ya mraba, ya aina ileile ya kisahani. Mkufunzi alikuwa amewaandikia makao makuu barua tatu kuomba betri, na mara zote tatu alijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Kwa hiyo kila siku ya hotuba, kabla wageni hawajafika, aliniita pembeni.

"Binti yangu, hebu panda ngazi."

Napanda. Kisahani cha kituo kilikuwa kwenye korido pana inayotazama uwani, kati ya jiko na chumba wanachopumzikia askari. Nakizungusha, naitoa betri, nashuka nayo. Mkufunzi anaitia kwenye maiki, anapuliza mara mbili, fuu, fuu, kisha anawaambia watu: "Ndugu zangu, kosa kubwa kuliko yote ni kutoa betri kwenye kisahani. Hata kwa dakika moja!" Hotuba ikiisha, napanda tena, nairudisha. Niliirudisha kila mara. Naliweka hilo wazi kwa sababu baadaye maneno yalikuwa mengi.

Mimi shida yangu ilikuwa ukurasa wa mwisho. Kila mwanagenzi alikuwa na kitabu cha mafunzo, na ukurasa wa mwisho husainiwa na mkufunzi. Ukisainiwa umeajiriwa. Usiposainiwa unarudi ulikotoka, na mimi nilikotoka ni kwa mama mdogo, ofisi ya kufua nguo, ambako mikono yangu ilikuwa inasubiriwa kwa hamu. Mama alikuwa ameshaniambia: mwisho wa mwezi, basi. Kila nilipomfuata Mkufunzi na kitabu, alipapasa kalamu mfukoni akasema, "Tutasaini siku ya wageni, binti yangu, mbele ya watu. Ipendeze."

Siku ya wageni geti likafunguliwa, viti vya plastiki vikapangwa uwani, gari la zimamoto likaoshwa mpaka likang'aa. Wakazi wa mtaa wote walialikwa. Mstari wa mbele kabisa alikaa bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, jengo la pili kutoka kituoni. Huyu nilikuwa nimekwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza betri ilikuwa kwenye sanduku la sindano. Mara ya pili ilikuwa chini ya mto. Mara ya tatu nilikaa jikoni kwake, nikanywa maji glasi mbili kimyakimya, mpaka akachoka kunitazama akaileta mwenyewe.

Kutoka makao makuu alikuja mkaguzi, mama mnene mwenye miwani, na ubao wa fomu kifuani. Hakukaa.

"Leo sitaki ya kukariri," akatuambia. "Hiki kituo ni nyumba ya raia. Kikagueni, watu wanawaona."

Diploma akatangulia. Alizungumza vizuri mno, kama anasoma habari. Alitazama nyaya, jiko, mitungi ya kuzimia moto, njia ya kutokea. Alipofika kwenye kisahani aliinua kidevu, akasema, "Kipo," akaweka alama ya vyema. Na kweli kilikuwepo.

Ikawa zamu yangu. Nilijua vizuri kilichomo darini, au tuseme kisichokuwemo. Mkufunzi alikuwa amesimama kando ya spika, maiki mkononi, ananitikisia kichwa polepole kama mtu anayefukuza nzi bila kutumia mkono. Nikazichelewesha nyaya. Nikalichelewesha jiko. Nilikuwa naelekea kwenye njia ya kutokea sauti ikatoka mstari wa mbele.

"We binti, mbona hubonyezi? Kwangu ulibonyeza mpaka paka akahama!"

Watu wakacheka. Nikachukua ufagio, nikakibonyeza kisahani kwa mpini. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Kimekufa hicho," Bibi akasema, na furaha yake haikujificha.

Mkufunzi akainua maiki haraka. "Ndugu wananchi, msishangae! Hilo ni jaribio! Betri tumeitoa makusudi, kumpima mwanagenzi!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nusura nipige na mimi, maana alijua kuchomoka. Diploma peke yake ndiye aliyekuwa anatazama viatu vyake.

"Vizuri sana," mkaguzi akasema. "Basi jaza fomu. Andika ulichokiona."

Fomu yetu ina kisanduku kinachosema *Hali ya betri*, na chini yake kingine, *Betri iko wapi?* Waliotunga fomu wanawajua watu. Kile cha kwanza nikaandika: imetolewa. Cha pili kalamu ikasimama. Ningeandika *haijulikani*, Mkufunzi angenisainia palepale, ipendeze, mbele ya watu. Kalamu yake nilikuwa naiona mfukoni. Lakini swali lile nilikuwa nimeliuliza kwenye nyumba arobaini na moja, na hakuna niliyemwachia aseme haijulikani. Bibi nilimfungulisha mpaka sanduku la sindano. Na sasa Bibi alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, anaitazama kalamu yangu kama paka anavyotazama samaki akisafishwa.

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mkubwa, hausumbui kusoma.

Mkaguzi akaipokea fomu. Ili na wa nyuma wasikie, akanyoosha mkono kuomba maiki.

"Hii... ina ujanja wake kuishika," Mkufunzi akasema.

"Nitajifunza," mkaguzi akasema, akaichukua. "Haya. Kisahani cha korido. Hali ya betri: imetolewa. Betri iko wapi: iko kwenye..."

Akaitazama fomu. Akautazama mkono wake.

"...kwenye maiki," akamalizia chinichini, ila maiki ikalidaka hivyohivyo na kulipeleka mpaka barabarani.

Sijawahi kusikia uwanja ukicheka vile. Bibi alikuwa amesimama. "Yangu niliiweka kwenye sindano nikatukanwa!"

"Hukutukanwa, Bibi. Ulielimishwa," nikasema.

"Ndiyo hivyohivyo!"

Mkaguzi akaifungua maiki mwenyewe, akanikabidhi betri. Nikapanda ngazi, nikaitia mahali pake, nikabonyeza. Kisahani kikapiga ukelele ambao haujasikika kituoni hapo miaka na miaka. Askari wa zamu walikuwa chumbani wamejinyoosha. Walitoka mbio, mmoja buti mguu mmoja, mwingine kofia kichwani na taulo kiunoni, na dereva alishawasha gari.

"Wapi? Wapi?"

"Hapa hapa," Bibi akawaelekeza.

Kelele zilipotulia mkaguzi akamgeukia Mkufunzi. "Kwa nini lakini?"

"Barua tatu," Mkufunzi akajibu. Bila maiki sauti yake ilikuwa ndogo, ya kawaida tu.

"Tulizipokea," mkaguzi akasema, na ghafla akawa na hamu kubwa ya kulitazama gari. Kisha akabandika karatasi yenye mhuri ubavuni mwa kisahani: kisifunguliwe bila idhini ya makao makuu. Betri mpya hakutaja. Diploma aliambiwa arudie mwezi mzima. Mimi akaniambia, "Sina neno na wewe. Mkufunzi wako akisaini ukurasa wa mwisho, tarehe mosi unaanza kazi." Akapanda gari lake, akaenda.

Nikampelekea Mkufunzi kitabu. Alijipapasa suruali, akajipapasa koti, akapapasa kila mahali isipokuwa mfuko wenye kalamu.

"Jumatatu, binti yangu."

Nyumbani mama alinipokea mlangoni. "Amesaini?"

"Jumatatu."

"Mama mdogo wako kapiga simu. Anasema nguo zimefika dirishani."

Jumatatu nilifika mapema. Mkufunzi hayupo. Orodha ya nyumba za kurudiwa ilikuwa ukutani na ya kwanza ilikuwa ya Bibi, nikaona nisikae bure. Nikapanda ghorofa ya tatu, nikamwamkia, nikaingia, nikakibonyeza kisahani chake. Kimya.

"Bibi!"

"Usinitolee macho, sikuitoa mimi. Asubuhi hii kaja bwana mmoja wa kwenu, shati limenyooka, na adabu! Kasalimia mpaka paka. Akaniomba aitumie kidogo tu, akapanda kiti mwenyewe. Nikasema, kama zimamoto wenyewe hawana, mimi nani nikatae?"

Alikuwa ameshabandika kikaango jikoni. Nilikaa palepale, nikaijaza fomu. *Betri iko wapi?* Niliandika maneno yaleyale, kwa mwandiko uleule.

Niliporudi kituoni uwani palikuwa na wanafunzi wa shule, wamekaa vitini mistari mitano. Mkufunzi alikuwa mbele yao. "Kosa kubwa kuliko yote, watoto wazuri," spika ikanguruma, "ni kutoa betri..."

Akaniona. Nilisimama pembeni yake, si karibu sana. Nilishika fomu juu, kitabu chini yake kimefunguliwa ukurasa wa mwisho, na kalamu. Aliisoma fomu kwa jicho moja huku jicho la pili likiwatabasamia watoto. Hotuba ikapunguza mwendo. Kisha, bila kukatiza habari za njia mbili za kutokea, akachukua kalamu akasaini. Saini nzuri, ndefu, na kimkia mwishoni. Akanirudishia kitabu, akatikisa kichwa kama mtu aliyemalizana na mwenzake.

Nikakiweka kitabu ndani ya shati. Nikanyoosha tena mkono, kiganja juu.

Watoto wakakitazama kiganja. Mkufunzi naye akakitazama, akakitazama na kisahani cha korido chenye mhuri wa makao makuu.

"Baada ya hotuba," akaninong'oneza, na spika ikawatangazia wote: baada ya hotuba.

"Bibi anakaanga saa hizi, Mkufunzi," nikasema.

Watoto wa mstari wa mbele walisikia wakaanza kugongana mabega. Mkufunzi akavuta pumzi. Akasema kwenye maiki, "Msitoe betri hata kwa dakika moja," kisha akaifungua, na spika ikafa.

Nilitoka getini nayo mkononi, bado ina joto. Nyuma yangu Mkufunzi aliendelea kwa mdomo mtupu, na nilisikia mtoto akimwambia, "Mwalimu, hatusikii," halafu viti vikiburutwa kusogezwa karibu. Sikugeuka. Kule ghorofa ya tatu vitunguu vilikuwa vimeshaanza kunukia.