Saa Ndani ya Kopo la Kwinoa

Mume wangu Serapio hakuisikia saa yake hata siku moja. Ilikuwa saa ya mkononi, ya plastiki, na kila adhuhuri ililia tii-tii, tii-tii, ili ameze kidonge chake cha moyo. Lakini miaka thelathini ya kushika mashine ya kutobolea mwamba katika mgodi wa bati hapa Huanuni ilikuwa imeyala masikio yake, na macho hayakuziona tena zile tarakimu. Sauti nene alizisikia. Ile nyembamba, hata chembe. Basi sikio lake lilikuwa mimi. Kila siku aliniuliza, "Eulogia, imelia?" Nami nikajibu, "Imelia, mzee. Meza."

Siku aliyokufa tulikuwa tumeamka vibaya. Alikuwa ameicheka supu yangu mbele ya dada yake, Plácida. "Wifi yako huyu anapika kama anafua nguo." Plácida akacheka mpaka akakohoa. Adhuhuri nilikuwa nakanda unga wa mkate, saa ikalia uani, alikokuwa ameketi juani.

"Eulogia, imelia?"

"Bado," nikasema.

Nilitaka angoje kidogo tu. Kisha unga ukanishika, nikasahau. Nilipotoka, kichwa chake kilikuwa kimelala kifuani.

Kesho yake, nikimvisha suti yake ya harusi, saa ikalia kwenye mkono wa maiti. Nikaivua. Watu niliwaambia nimemzika nayo. Niliifukia chini kabisa ya kopo la kwinoa, ile nafaka yetu ndogo ya milimani, kwenye rafu ya juu.

Kwetu marehemu huandaliwa meza kwa miaka mitatu. Roho hufika tarehe mosi Novemba, saa sita mchana, ikala nasi, na kesho yake saa ile ile ikaondoka. Mwaka wa tatu huagwa moja kwa moja. Haiandaliwi tena.

Mwaka wa kwanza, saa sita kamili, kopo likalia.

"Kaka!" Plácida akapiga kelele. "Kaja na saa yake!"

Yeye alitazama dari. Mzee Hilarión, anayetuongozea sala, alitazama mlango. Jirani mmoja aliinama kuchungulia chini ya meza. Sauti nyembamba namna ile haina mahali. Kila mtu huisikia ikitoka pale anapopaogopa. Rafu hakuitazama mtu. Mimi nilitazama sakafu, nikawaacha waamini. Mwaka wa pili walikuja watu wengi kuliko mikate.

Siku nyingine zote niliisikia peke yangu. Sikuizima. Vibonye vyake sikuvijua, na pia niliona ni stahili yangu kuisikia.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, ikanyamaza. Nikasema betri imekwisha. Nilikwenda kanisani nikawasha mshumaa wa shukrani, nikarudi nyumbani naona haya mbele ya Bikira. Maana nilikuwa nimebakiwa na meza moja tu ya kumwambia Serapio ukweli, na sasa nilikuwa nimeamua nisiseme. Aende kwa amani, na langu nibaki nalo.

Novemba ikafika, tukaandaa meza. Kitambaa cheusi, miwa miwili, picha yake, bilauri ya maji, mikate ya sura za watoto, na ngazi ya mkate ili roho iteremkie.

"Wifi, ngazi hii fupi," alisema Plácida. "Kaka alikuwa na miguu mirefu, atashukaje?"

"Yeye atashuka. Wewe siku yako tutakuchomelea ya chuma."

"Hee! Mmesikia? Mjane ana ulimi!"

"Nyamazeni nyie," Mzee Hilarión akasema. "Wanawake wawili tu, roho inashindwa kupata nafasi ya kuingia."

Mwanga wa jua ulifika kwenye kizingiti: saa sita.

Ndipo Plácida akatazama dari. Mzee Hilarión akatazama mlango. Wote kwa pamoja, kama kuku waliosikia mwewe. Mimi sikusikia kitu.

Betri haikuwa imekwisha. Yaliyokwisha yalikuwa masikio yangu.

Nilimgeukia binti yangu Nélida, na mdomo ukasema wenyewe, "Mwanangu, imelia?"

Yeye hakutazama dari wala mlango. Alikuwa anatazama kopo. Kisha akanitazama mimi.

"Bado," akasema.

Siku ile aliyokufa baba yake, Nélida alikuwa jikoni nami, akiipaka mikate yai. Miaka mitatu hakuwahi kulitaja jambo lile.

"Nilidhani utatoka kumwambia," akasema taratibu. "Nikangoja utoke, mama. Nami sikutoka."

Nilipanda kiti, nikalishusha kopo, nikaimwaga kwinoa yote juu ya kitambaa cheusi. Saa ikaangukia mbele ya picha.

"Serapio," nikasema, "ilikuwa imelia. Nilikusikia ukiuliza. Nisamehe."

Plácida aliishika saa kama anayeshika kaa la moto. "Kwa hiyo kaka hakuja? Miaka yote hii tunalilia kopo?"

Mzee Hilarión alianza Baba Yetu, na Plácida akaitikia huku akilia.

Kesho yake tulichimba kwa mikono juu ya kaburi tukaizika saa ile. Ilipofika saa sita, niliona wote wanatazama udongo. Nélida akanibana mkono.

"Imelia, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Roho ikiagwa hairudi, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, nami naamini. Lakini mimi huyu, nisiyesikia hata birika likipiga filimbi, kila adhuhuri nasikia sauti nene kutoka uani ikiuliza. Siku hizi sisubiri hata kufuta unga mikononi.

"Imelia, mzee," najibu. "Meza."