Vitambaa vya Mjomba Ussene

Ukitaka kuelewa jinsi binti aliyezoea kujificha nyuma ya mlango alivyokaribia kuivunja posa yake kwa mikono yake miwili, lazima uanze na sanduku.

Lilikuwa sanduku la mbao lililowahi kubebea majani ya chai, nalo lilikaa nyuma ya kiti cha gari la Mjomba Ussene miaka na miaka. Gari lenyewe aliliita Subira. Zamani lilikuwa la kijani. Rangi yake ya sasa haikuwa na jina. Mjomba Ussene, Mmakua aliyevuka Ruvuma angali kijana, alikaa Mtawanya na mikorosho yake, na siku zisizo za shamba alibeba watu na mihogo yao kwa gari hilo.

"Gari kuukuu haliendi kwa petroli," alipenda kusema. "Linaenda kwa sanduku."

Ndani ya sanduku mlikuwa na spana na bisibisi, plagi, mkanda wa feni, waya, viraka vya mipira na gundi yake, kipande cha mche wa sabuni, na vidude vingine ambavyo mpwa wake, Somoe, hakuvijua kwa jina wala kwa kazi. Kila kimoja kilifungwa kitambaa chake. Masika ya mwaka ule yalikuwa yameifunga barabara ya Dar es Salaam, spea zilisubiriwa kwa meli, na meli yenyewe ilisubiriwa kwa dua. Kwa hiyo Mjomba Ussene hakutupa kitu. Hata kilichokufa alikirudisha sandukuni.

Somoe alihamia kwake baada ya mkewe, bibi Amina, kufariki. Alikuwa ameacha shule darasa la tatu, hakuwa msemaji, na kazi zake zote alizifanya kimyakimya kana kwamba anaiba. Omari, kijana aliyepima magunia kwenye ghala la korosho, alikuwa amemwona mara nne na kusema naye mara moja tu. Siku hiyo alimuuliza kisima kiko wapi. Somoe kwa haya alimwonyesha njia ya makaburini. Omari alikwenda, akarudi, akacheka, na wiki mbili baadaye akatuma washenga kwa mama yake Somoe, Msimbati.

Sasa, kwa watu wa kwao mtoto ni wa mjomba. Baba husikiliza, mama hulia, mjomba ndiye hujibu. Posa isiyo na mjomba ni maongezi tu. Na Mjomba Ussene alikuwa na doa. Miaka miwili nyuma alikuwa akienda kuitikia posa ya Sabina, dada yake Somoe, gari likamfia njiani. Washenga wakasubiri mpaka jua likazama, wakaondoka wakisema mjomba amekataa kiungwana. Sabina aliishia kuolewa Newala na mtu asiyemtaka, na kila alipokuja kusalimia alilipita gari lile akiwa amegeuza uso.

Safari hii washenga walituma neno kabisa. Watasubiri Jumapili mpaka Alasiri. Omari amehamishiwa Nachingwea, hataki kwenda peke yake, na kuna binti wa pili Mikindani ambaye wazee wamekwisha muulizia. Mjomba asipofika, watajua jibu.

Somoe hakumwambia mtu kwamba anamtaka Omari. Angemwambia nani? Lakini Jumamosi mikono yake haikutulia. Alifagia uwanja mara mbili. Alilipangusa gari. Kisha akalifungua sanduku, akaona matambara yamegandamana kwa mafuta machafu, akaona aibu ambayo haikuwa yake. Washenga wakilichungulia gari waone uchafu huu? Mle mle akakuta kipande cha sabuni, akafikiri mjomba alikiweka kwa kazi hiyohiyo. Akafua vitambaa vyote, vikatakata. Vyuma akavisugua kwa mafuta ya taa mpaka vikang'aa, akavipanga vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo, kama vyombo vya harusi.

Jumapili asubuhi wakaondoka kwenda Msimbati.

Walipita Madimba salama. Mbele kidogo, kwenye mchanga, Subira likaanza kukohoa. Likakohoa, likapiga mshindo mmoja kama bunduki, likanyamaza.

"Hii naijua," alisema Mjomba Ussene, hata hakuwa na wasiwasi. Alifungua boneti, akafungua kifuniko cha distribyuta inayogawa moto kwa plagi, akazungusha mashine kwa hendeli huku akichungulia moto wa plagi. "Kondensa. Kile kidude cha kulinda moto wa plagi kimekufa. Mpwa wangu, niletee kitambaa cha kanga ya marehemu. Ile ya maua mekundu. Iliyo ndani ndiyo nzima."

Somoe alikwenda nyuma, akalifungua sanduku, akasimama.

Kitambaa cha maua mekundu alikiona. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, cheupe pale palipokuwa peupe, chekundu pale palipokuwa pekundu. Ndani hakikuwa na kitu.

"Mjomba," alisema.

"Lete."

"Mjomba, hakina kitu."

Mjomba Ussene alikuja mwenyewe. Alilitazama sanduku kwa muda mrefu, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta ukuta mahali pa mlango. Akashika chuma kimoja, akakirudisha. Akavinusa vidole vyake.

"Nani aliingia humu?"

"Mimi. Nilivifua."

"Ulivifua." Alilirudia neno hilo taratibu. "Na ile sabuni iko wapi?"

"Imekwisha."

"Ile sabuni ilikuwa spea, mama. Tangi likitoboka, unaziba kwa sabuni." Akaanza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akakaa kwenye mchanga, miguu mbele kama mtoto. "Sikiliza. Mimi sisomi, unajua. Watu huandika, mimi ninavalisha. Kilicho kizima nakivika kanga ya Amina. Kilicho mgonjwa, kinachoenda leo kesho kinagoma, nakivika gunia. Kilichokufa nakivika kaniki, kama mfiwa, mpaka fundi wa Mtwara apate nafasi. Kondensa ninazo saba. Saba! Moja tu ndiyo ya kanga. Sasa zote ziko uchi. Nani mzima hapa? Nani maiti?"

Somoe alizitazama zile kondensa saba alizozipanga mstari mmoja. Kila moja ilikuwa kidude cha bati, kikubwa kidogo kuliko subana ya fundi wa nguo, na mkia wa waya uliozungushiwa nyuzi. Zilikuwa sawasawa kama mbegu za papai moja. Alijaribu kukumbuka. Ile ya pembeni aliitoa kwenye gunia? Au gunia lilikuwa na plagi? Aliona mikono yake ikifua, aliona povu, lakini kila alipofungua kitambaa kichwani mwake alikuta kitu kingine. Mara kanga ilikuwa na mkanda wa feni. Mara kaniki ilikuwa na gundi. Akili yake ilizunguka palepale kama gurudumu mchangani.

"Tutajaribu moja moja," alisema mjomba.

Ilikuwa kazi ya kula muda. Kufungua parafujo ndogo kuliko punje ya mtama, kuidaka isianguke mchangani, kufunga, kushika hendeli, kuzungusha. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Kivuli cha gari kilikuwa kimejikunja chini ya gari lenyewe na sasa kilianza kutokea upande wa pili. Walimwona mtu mmoja tu, mzee wa baiskeli aliyebeba mkungu wa ndizi, akauliza, "Ussene, posa nyingine hiyo?" akapita bila kungoja jibu.

Somoe hakujua alie au asaidie, na kama ni kusaidia, asaidie kwa njia gani. Alitazama chini, kama desturi yake, akaona kucha zake. Zilikuwa na rangi ya buluu pembeni. Alizisugua. Haikutoka. Jana pia haikutoka.

Alikaa na jambo hilo kwa muda. Lilikuwa linataka kuwa wazo lakini halijawa. Kaniki huchuja, kila mwanamke anajua. Ukiivaa siku ya joto unavua ngozi ya buluu. Kama imechuja kwenye kucha kwa siku moja, basi kitu kilichokaa ndani yake masika yote...

Akasema kitu.

"Sema na mimi, usiseme na kifua chako," alisema mjomba, parafujo ikiwa mdomoni.

"Mikia," alisema Somoe. "Itazame mikia, mjomba. Chuma nilikisugua. Nyuzi sikuzisugua."

Wakazichukua zote saba, wakazisogeza juani. Mikia minne ilikuwa na ubuluu, mmoja mzito, mingine kama kivuli tu. Mbili kati ya hizo nne ndizo walizokwisha jaribu. Mjomba Ussene alizitupa pembeni zote nne, kisha akaziokota tena, maana hakutupa kitu.

"Hawa ni marehemu. Bado watatu. Mmoja mzima na wagonjwa wawili. Mwenye kanga ni yupi?"

"Sijui."

"Hata mimi. Bismillahi."

Ya kwanza ililiamsha gari, likatetemeka, likalala. Ya pili ikaliamsha likakaa macho. Wakaingia mbiombio bila hata kufunga boneti vizuri. Lakini walipoiona minazi ya Msimbati, Subira likaanza tena kukohoa, na Mjomba Ussene akazidi kuchanganyikiwa.

"Basi hii nayo ni ya gunia! Au ndiyo ya kanga, imeugua njiani? Amina, mke wangu, uliniachia kitambaa gani?" Alisema hayo huku akikanyaga mafuta kwa mguu mmoja na kuliomba gari kwa mdomo. Waliingia uwanjani kwa mama yake Somoe kwa mishindo mitatu, kuku wakakimbilia jikoni.

Adhana ya Alasiri ilikuwa imekwisha. Washenga walikuwa wamesimama, viatu miguuni. Mkubwa wao, Mzee Issa, alikuwa Myao, na kwa hiyo mtani wa Mjomba Ussene, aliyeruhusiwa kumwambia lolote.

"Mmakua! Tulidhani umerudi kwenu ng'ambo."

"Gari liliharibika, Mzee Issa."

"Hata siku ya posa ya Sabina liliharibika. Gari lako lina akili sana, Ussene. Siku za mihogo linakwenda. Siku za posa tu ndiyo linaumwa."

Wenzake wakacheka, lakini Mzee Issa mwenyewe hakucheka mpaka mwisho. "Utani niuweke kando. Wazee wa Omari wanauliza. Kama humtaki kijana wetu, sema. Mikindani si mbali. Ulichelewa kwa nini?"

Somoe alikuwa tayari amekimbilia ndani, nyuma ya mlango. Kwenye ufa alimwona mjomba wake akifungua mdomo na kuufumba. Alielewa mara moja. Akisema kweli, atasema kwamba binti wanayemposa ameharibu kazi ya mjomba kwa kushika asichokijua. Asiposema, amekataa posa. Mjomba Ussene alisimama katikati ya mambo hayo mawili, mikono imelowa mafuta.

"Mwajuma, kwaheri," Mzee Issa alimwambia mama yake Somoe. "Umetupikia vizuri."

"Ni mimi," alisema Somoe.

Hakujua ametoka nyuma ya mlango saa ngapi. Alikuwa kizingitini, vidole amevinyoosha mbele, kucha za buluu zikionekana na kila mtu.

"Nilifua vitambaa vya sanduku. Mjomba akashindwa kujua kipi kizima. Yeye alitaka kufika. Tangu asubuhi alitaka kufika." Pumzi ikamwishia, lakini neno moja lilibaki, nalo likatoka lenyewe. "Na mimi."

Mama yake alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Mzee Issa aliwatazama wenzake, akamtazama Mjomba Ussene, akakuna kidevu.

"Sasa hapa mimi nimepotea," alisema. "Nimekwenda posa thelathini. Binti huulizwa, hunyamaza, tunasema amekubali. Huyu hajaulizwa, na amesema. Tuseme nini? Amekataa?"

"Labda ni kinyume," alisema mzee mmoja.

"Kinyume cha nini?"

Wakabishana pale pale, viatu miguuni, na katika kubishana mmoja akakaa, kisha wa pili, na mwishowe Mzee Issa naye akavua makubadhi.

"Mmakua," alisema, "twambie wewe. Ndiwe mjomba."

Mjomba Ussene alifuta mikono kwenye suruali. "Mwanangu huyu," alisema, "amefua mpaka vyuma ili nije kuwapokea. Kama Omari ana kitu asichotaka kioshwe, akifiche. Nimeitikia."

Vigelegele vya Mwajuma viliwarudisha kuku jikoni mara ya pili.

Baadaye, wali ulipoliwa, Mjomba Ussene alikwenda kwenye gari, akaichomoa ile kondensa iliyowafikisha, akaigeuzageuza kiganjani. Mwajuma, aliyekwisha kusimuliwa habari ya vitambaa, alimletea kipande cha gunia. Akakikataa. Somoe alimletea kile kitambaa cha maua mekundu. Akakitazama, akaitazama kondensa, akatikisa kichwa.

"Sijui ya nani hii," alisema. "Ni mgonjwa au ni mzima, wallahi sijui."

Alikaa nayo mkononi, bado hajaivika kitu, mpaka Mzee Issa alipomwita ndani wapange siku ya harusi.