Beji ya Kiroboto

Bibi alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minne, na mkono wake haukuweza kuona kitambaa kimeshonwa ovyo ukatulia. Hilo ndilo lililomponza.

Mjukuu wake alikuwa na miaka saba. Babu yake ndiye aliyembandika jina la Kiroboto, maana hatulii mahali pamoja, na jina likamganda. Tangu mwaka uanze alikuwa anahangaikia beji yake ya kwanza ya skauti wadogo. Alikariri ahadi, akatandika kitanda siku thelathini bila kuambiwa, akafunga fundo mpaka kamba ikachakaa. Muhula uliopita fundo lilimfungukia mbele za watu, akarudi nyumbani analia kwikwi. Safari hii yote ameyapita, limebaki moja tu: aishone beji mwenyewe kwenye mfuko wa shati, kwa mkono wake, na kiongozi aikague. Asiyeshona mwenyewe anangoja muhula mwingine.

Ijumaa alasiri Kiroboto alipiga mishono miwili, akajichoma, akaliacha shati juu ya cherehani akaenda kuoga. Beji ilikuwa inaning'inia. Bibi akaitazama. Akageuza uso. Akaitazama tena. Jamani, mishono gani hii! Akakanyaga cherehani, trrr, dakika mbili, beji ikakaa kana kwamba ilizaliwa na shati.

Kiroboto aliporudi alipitisha kidole juu ya uzi, akamtazama bibi yake. Bibi akadhani ni furaha.

Kesho yake, kwenye ukumbi wa mkutano wa skauti, kiongozi, dada mmoja ambaye siku za kazi ni muuguzi, alipita mbele ya watoto akigeuza kila mfuko atazame mishono kwa ndani. Bibi, kwenye benchi la wazazi, moyo ukamlipuka. Mshono wa cherehani na wa mkono wa mtoto, nani asiyeweza kuutofautisha?

"Umeshona mwenyewe?" kiongozi aliuliza.

Sema ndiyo, mama, sema ndiyo yaishe, Bibi aliomba kimoyomoyo. Halafu akajionea aibu: anamwombea mtoto uongo!

"Hapana," Kiroboto alisema. "Kashona Bibi."

Bibi alisimama. "Kosa ni langu, mwanangu. Wala mtoto hakuniomba."

"Shikamoo, Bibi. Nimekuelewa, lakini sheria ni ya wote."

"Mkutano haujaisha," Kiroboto alidakia huku machozi yanamtoka. "Nikiifumua nikashona sasa hivi?"

Kiongozi akatazama saa. "Una nusu saa."

Fundi hatembei bila sindano. Bibi akachomoa yake kwenye ukosi wa gauni, na uzi wake, akamkabidhi, akarudi kukaa. Kutunga uzi peke yake kulikula dakika tano. Sindano ikaanguka, ikatafutwa. Bibi aliikalia mikono yake, kweli kabisa, jinsi ilivyokuwa inamwasha. Kila mshono uliokwenda kombo ulimuuma yeye.

Nusu saa ilipoisha, beji ilikuwa imelalia ubavu. Kiongozi akajaribu kuingiza kidole mfukoni, wapi! Kiroboto alikuwa ameushonea mfuko kwenye shati, umezibika hata sarafu haipiti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Kiroboto naye akacheka na machozi yake. Kiongozi akampa mkono wa kiskauti, akamtangaza ameingia daraja la kwanza. Bibi alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Jumatatu mteja aliyefuata suruali yake aliliona shati limetundikwa kwenye duka la Bibi la ushonaji. "Fundi, vipi tena? Beji imepinda, mfuko umezibwa. Uzee huo?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuisema vibaya kazi ya duka lile akaachiwa. Kiroboto, aliyekuwa akiokota vifungo sakafuni, alitulia kabisa.

"Hiyo si yangu," Bibi alijibu. "Yangu ilifumuliwa."