Kiti cha Mama wa Masjala

Katika idara ile kila mtu alikuwa na kitu chake ambacho si chake. "Gari langu liko gereji," angesema dereva. "Kompyuta yangu imekufa," angesema mhasibu, kwa majonzi kama ya mfiwa. Na karani yeyote akipiga kelele kwamba fulani kamchukulia kiti chake, ofisa wa mali alikuwa na jibu tayari mdomoni: "Si chako hicho. Ni cha serikali. Wewe umekikalia tu."

Walimwita Bwana Bandika. Alijifanya kulichukia jina hilo, lakini ukimwita la kwake halisi alichelewa kuitika. Kazi yake ilikuwa kukipa namba kila kitu cha idara, kuanzia jenereta hadi kapu la taka. Mwaka ule zililetwa lebo mpya za rangi ya fedha, zenye mistari myembamba ya kusomwa na mashine, zichukue nafasi ya zile namba za zamani zilizopakwa kwa brashi. Bwana Bandika alizisifia lebo zile mpaka watu wakamkimbia.

"Hizi hazina mchezo," alisema. "Ukiibandua, inatoka ngozi ya juu tu. Chini linabaki neno BATILI, na hilo halitoki hata kwa petroli. Sasa mwizi aje."

Akaanza kupita chumba kwa chumba. Alifanya kazi kama fundi magari, mgongo chini: anaingia uvunguni mwa meza, anapindua viti miguu juu, anafuta vumbi, anabandika, anasugua kwa kidole gumba, kisha anapitisha mashine mpaka ilie ti! Hakuna aliyevijua viti vya idara ile kama yeye, ila alivijua kwa chini.

Alipofika masjala, kwenye chumba cha mafaili, alikuta kiti cha mbao nyeusi, kifupi, nyuma ya meza ya Mama wa Masjala. Akakipindua. Hakikuwa na namba ya zamani, wala alama ya rangi. Bwana Bandika alishtuka kama aliyekuta mtoto wa mtu anazurura sokoni peke yake.

"Kumbe na wewe ulikuwa umejificha huku!" akakiambia kiti.

"Hicho changu, mwanangu," alisema Mama wa Masjala. Alikuwa juu ya ngazi, akirudisha mafaili kwenye rafu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, ambaye kimo chake kilimfanya apande ngazi hata kwa rafu ya tatu.

"Mama, nimetoka uhasibu sasa hivi. Huko nako kila kitu 'changu, changu'."

"Lakini hiki ni changu."

"Haya, ni chako," alisema Bwana Bandika akisugua lebo. "Mpaka Ijumaa."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya Mama kustaafu. Makarani waliokuwa pale wakaangua kicheko, na Bwana Bandika akacheka nao. Mashine ikalia ti! Mama hakucheka. Aliposhuka ngazini kwa tahadhari, mguu mmoja mmoja, Bwana Bandika alishahamia chumba kingine na kicheko chake kinasikika ukutani. Mama alikuwa mtu wa kumeza maneno. Akameza na hayo.

Ijumaa ikafika. Wakamuaga kwa hotuba na soda, wakampa saa ya ukutani. Mama akashukuru, akampa karani saa ile amtunzie mpaka siku nyingine, kwa sababu mikono yake ilikuwa na mzigo mwingine. Akakinyanyua kiti chake, akaenda nacho hadi getini.

Mlinzi akakipindua. "Nisamehe, mama. Chenye lebo hakitoki."

"Ni changu."

"Hapa getini wote husema hivyo, mama yangu."

Mama wa Masjala akakiweka kiti katikati ya geti, akakikalia, akapakata mkoba wake. "Basi," akasema kwa sauti ya chini, "mtatufungia wote wawili."

Nyuma yake gari la mkurugenzi likaanza kupiga honi. Mlinzi akapiga simu ya mezani huku jasho likimtoka, na Bwana Bandika akaja mbio, kalamu sikioni.

"Mama, mbona unatutia aibu na siku yenyewe ndiyo hii?"

"Kaa kimya unisikilize, maana siku ile hukunisikiliza." Hakuna aliyewahi kumsikia Mama akisema hivyo. Hata honi ilinyamaza. "Mimi sijatoka na hata pini ya ofisi hii. Viti vyenu ni virefu. Nilipoajiriwa, miguu yangu ilining'inia kutwa, jioni imevimba, viatu haviingii. Mume wangu ni seremala. Akanipima, akanichongea hiki. Aliyekutangulia kwenye kazi hiyo alijua, Mungu amrehemu, ndiyo maana hakukipaka rangi. Sasa mzee mikono inamtetemeka, hashiki tena randa. Vyote alivyochonga viko kwenye nyumba za watu, alikuwa anauza. Kilichobaki ni hiki. Nimemwahidi leo narudi nacho. Nikifika mikono mitupu nimwambie nini?"

Bwana Bandika alijikuna kichwa. Aliyemtangulia alikuwa kaburini, hakuna wa kumuuliza. Akimruhusu huyu kwa maneno matupu, kesho atapita mtu na jenereta akidai amechongewa na mjomba. Na kufuta namba ya kitu hajawahi, tangu aanze kazi. Lakini mbele yake alikaa mtu mzima aliyelingana na mama yake, macho yamemjaa machozi yasiyodondoka.

Kanuni ilikuwa na mlango mmoja mdogo: kitu chenye lebo huweza kutoka kikiongozana na ofisa wa mali mwenyewe, kama vile kinapopelekwa kwa fundi.

"Nitakwenda nacho mimi," akasema. "Nikaone kwa macho yangu. Kama sivyo, mama, nitarudi nacho."

"Twende."

Akajitwika kiti kichwani, miguu juu, na lebo ikawa inang'aa juani kama kofia ya askari. Njiani watu hawakumhurumia. "Bosi, unahama?" aliuliza muuza vocha. "Na kitanda kinafuata?" Mama alitangulia mbele, akigeuka kila kona kuhakikisha kiti hakijamkimbia.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imefagiliwa vizuri. Ndani palikuwa na kitanda, sanduku na mkeka, basi. Mzee alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani. Alipokiona kiti alijisogeza mbele. Akaupapasa mgongo wa kiti kwa mikono ile inayotetemeka, taratibu, juu hadi chini. Hakuuliza habari za lebo.

"Huyu ndiye aliyekubebea?"

"Ndiye."

"Asante sana, mwanangu. Karibu kiti."

"Nitakaa hapa hapa chini, mzee."

"Mgeni akae chini na kiti kipo? Karibu kiti, bwana."

Bwana Bandika akakaa. Magoti yakapanda yakakaribia kidevu. Mgongo wa kiti ukamchoma kiunoni. Akajaribu kunyoosha miguu, akafika nayo hadi katikati ya chumba. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Kimekukataa! Nilimpima huyu, sikukupima wewe."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Bwana Bandika alikuwa amepindua viti vyote vya idara bila kukikalia hiki. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Katika "changu" zote alizozisikia, moja tu ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo aliyoicheka mbele za watu.

Akainuka. Akakipindua kiti, akachomeka ukucha kwenye pembe ya lebo, akavuta. Ngozi ya fedha ikatoka ikijikunja. Chini likabaki neno, kubwa, jeusi.

"Nisamehe, mama," akasema. "Halifutiki hili. Nimekiharibia sura."

Mzee akainama. "Macho yangu hayaoni vizuri. Pameandikwaje?"

"Batili."

"Ndiyo nini hiyo?"

Bwana Bandika alilipitishia neno lile kidole gumba. "Maana yake serikali imekosea, mzee."

"Na imeandika yenyewe?"

"Yenyewe."

"Basi liache hapo hapo! Watu wanalitafuta neno hilo mahakamani mpaka wanazeeka, hawalipati."

Mama akakisimamisha kiti, akakaa. Nyayo zake zote mbili zikatua sakafuni, bapa, bila kutafuta. Akashusha pumzi ya wiki nzima.

"Kiti changu," akasema, bila kumwambia mtu.

Lile jibu la siku zote likamjia Bwana Bandika mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akaling'ata.

"Chako, mama," akasema, akakaa mkekani.