Kumsemea Jirani

Je, umewahi kuisimulia njaa ya jirani huku yako ikikukwaruza tumboni? Wamuyu wa Subukia aliwahi, tena mbele ya watu, akiwa amevaa koti lake la kanisani lenye vifungo vyote isipokuwa kimoja.

Ilikuwa siku ya kugawa basari ya wadi, ule msaada wa karo, Agosti, kukinyesha. Watu walijaa kwenye banda la chifu hadi sweta zilizolowa zikaanza kunuka kondoo. Mwalimu Naftaly, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amegawa zote ila moja. Hiyo moja, alisema, itaenda kwa mwanafunzi wa chuo ambaye hali ya kwao ni ngumu zaidi, na majirani ndio watakaosema, kwa sababu karatasi haionyeshi sufuria tupu.

Kui, mjukuu wa Wamuyu, alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi huko Nakuru mjini. Bila basari hiyo hangeripoti. Natasha, binti ya Sitati, jirani wa ng'ambo ya kijito, naye alikuwa ameitwa chuo cha ualimu.

Sasa, Wamuyu alilelewa hivi: mtu hajiombei mbele za watu. Unamsemea mwenzako, mwenzako anakusemea, na kila mmoja anarudi nyumbani na heshima yake. Kwa hiyo Naftaly alipomtazama, alisimama akamsemea Sitati. Alieleza jinsi viwavi walivyomaliza mahindi yake, jinsi mkewe anavyougua mgongo hata kuinuka kitandani ni kazi, na jinsi Natasha anavyofulia watu nguo kabla ya jua kuchomoza. Hakuongeza chumvi. Akaketi, akakunja mikono, akangoja zamu yake ya kusemewa.

Nyuma yake Jepleting, muuza viazi, alimnong'onezea kwa jina la Kikuyu la nyanya, "Cucu, unampelekea jirani kuni na jiko lako limezima?"

"Ngoja," Wamuyu akasema. "Sitati ana adabu."

Na adabu alikuwa nayo, hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Alisimama kofia mkononi, akamshukuru Mama Muiruri, kama walivyomwita Wamuyu kwa jina la mwanawe, marehemu baba ya Kui.

"Huyu ni mama anayejiweza," Sitati alisema. "Watoto wangu wamekunywa maziwa yake miaka yote. Sijamsikia akilia shida hata siku moja."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Naftaly akashika kalamu aandike jina la Natasha.

Wamuyu alihisi uso ukiwaka. Ng'ombe wa maziwa hayo hakuwepo tena. Alimuuza kwa ajili ya karo ya mwisho ya sekondari ya Kui, akawaambia watu amempeleka Kuresoi kwa ndugu yake, kwenye nyasi nzuri. Maziwa aliyompelekea Sitati tangu hapo yalikuwa ya dukani, ameyamimina kwenye mkebe ule ule. Na Sitati alikuwa akimtabasamia kutoka kule, ameridhika kwamba amelipa wema. Utamkasirikiaje mtu kama huyo? Alisema alichoonyeshwa.

Kando yake Kui alianza tu kurudisha vyeti vyake ndani ya bahasha, polepole, kama mtu anayefunga duka ambalo halikuuza kitu.

Wamuyu akasimama tena. Naftaly akamkumbusha kwa upole kwamba alikwisha kusema.

"Nilimsemea Sitati," alijibu. "Na ni kweli, sifuti hata neno."

Kisha akaeleza habari za ng'ombe, na za maziwa ya dukani, huku akiitazama sakafu. Mvua ilisikika juu ya mabati. Sitati aliketi kwenye benchi taratibu.

Naftaly akauliza basi kamati iandike nini, maana nafasi ni moja. Maisha yake yote Wamuyu alijibu maswali ya namna hiyo kwa kusema, mtakavyoona nyinyi. Hata sasa jibu hilo lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akalimeza.

"Sisemi shida yangu inaishinda ya Sitati," alisema. "Mtapima wenyewe. Lakini mimi nataka Kui apewe. Nataka asome. Nimetaka sana."