Nani Atamwinua Mkurugenzi

Siku ambayo Karavidas, mkurugenzi wa hospitali yetu pale mjini Volos, alikuja kumchagua mkuu wa idara ya fiziotherapia, nilifika kazini mapema kuliko siku zote. Idarani tulikuwa wanawake kumi na mmoja na mwanamume mmoja, Pantelis, mwenye miaka minne kazini. Argyro alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na ndiye aliyemfundisha Pantelis kumshika mgonjwa. Lakini wakuu wote watano waliotangulia walikuwa wanaume, na jambo hilo lilinichemsha damu.

Mkurugenzi alizama kwenye kochi letu, lile la chini lililobonyea. Akala vitumbua sita vya asali alivyoleta Argyro, kisha akasema kwamba yeye anamheshimu sana Bibi Argyro, ila wagonjwa wengine ni wazito mno. Mwanamke atawainua vipi?

"Wewe una kilo ngapi, bwana mkurugenzi?" Argyro akauliza.

Nilimfinya jirani yangu nusura nimchubue.

"Mia na thelathini."

Argyro akampisha Pantelis aanze yeye kumwinua. Maskini wa Mungu akamkumbatia mkurugenzi, akavuta, kifungo cha shati kikaruka. Karavidas akarudi kochini kwa kishindo, na Pantelis akabaki ameshika kiuno. Nilicheka, wala sioni haya kusema.

Argyro hakukunja hata mikono ya koti. "Sogea ukingoni, baba. Rudisha miguu nyuma. Inama mpaka pua ipite vidole vya miguu. Haya, sukuma." Vidole vyake viwili tu ndivyo vilivyomgusa mgongoni. Mtu mzima akasimama wima. Tulipiga makofi mpaka wagonjwa wakaja kuchungulia.

"Lakini hukuniinua," Karavidas akalalamika.

"Kazi yetu si kuinua watu, bwana. Ni kuwawezesha wainuke."

Karavidas akasema atakwenda kufikiria, na kwa mazoea akaketi tena. Akataka kuinuka, wapi. Akamtazama Pantelis, ambaye sasa alikuwa amelala chali sakafuni, magoti juu. Akatutazama sisi kumi na mmoja. Hakuna aliyesogeza hata unyayo.

Basi akajivuta ukingoni polepole, akarudisha miguu nyuma, akainama, akasukuma. Akasimama peke yake, uso mwekundu kama nyanya, akamgeukia Argyro.

"Nimepatia, mkuu wa idara?"

"Umepatia. Kesho utafanya mara kumi."