Febronia Asema Geuka

Febronia alikuwa ameanika mtama kwenye turubai, uani kwake Mungaa, na jipu lilikuwa limemtoka mkononi. Jua lilipopanda akajisemea tu, "Haya, geukeni." Mtama ukageuka. Wa chini ukaja juu, wa juu ukaenda chini, wala punje haikudondoka nje. Kuku walisogea kidogo, wakaendelea na yao.

Febronia si mtu wa kushtuka ovyo, ila udadisi anao wa kugawa. Akajaribu chapati, ikageuka bila kijiko. Godoro nalo likageuka, likapiga chafya ya vumbi. Barabarani akaiambia Fuso ya vitunguu igeuke. Dereva akampungia mkono, akaanza kurudi alikotoka. Febronia akamwonea huruma, akaigeuza tena.

"Mwenzangu," alisema jirani yake Magreth, "neno hilo lisiishie kwenye chapati. Alhamisi si ndiyo kikao?"

Kikao kilikuwa cha ukoo wa marehemu mumewe, Zefania. Shemeji yake, Leonidas, alitaka ekari tatu ambazo Febronia alizifyeka kwa mikono yake na kuzipanda alizeti. Bila shamba hilo hakuwa na cha kuwalisha wanawe.

Alhamisi Mzee Gabrieli, baba mdogo wa marehemu, alikaa kwenye kigoda, shamba likiwa mgongoni kwake. Uamuzi ulikuwa daftarini tangu jana yake, na kila mtu alijua. Febronia akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, naomba ugeuke."

Mzee akageuka, yeye na kigoda chake. Wajumbe wakahamisha viti wapate kumsikia. Sasa alizeti yote ilikuwa mbele yake, vichwa vipana kama sinia. Akaitazama muda mrefu, na Febronia akaona matumaini yanampanda.

"Aisee, imestawi," alisema mzee. "Umeihudumia kweli, mama. Leonidas atapata magunia ya kutosha."

Febronia akaligeuza daftari, likawa juu chini. Mzee akalifunga taratibu, akausema uamuzi kwa kichwa, neno kwa neno. Wajumbe wakapiga makofi, wakaletewa chai.

Febronia alilia njiani, akajifuta kwa khanga. Alipofika ukingoni mwa shamba akasema, "Geukeni basi, mniage." Alizeti ya ekari tatu ikalipa jua kisogo, ikautazama mlango wake. Waliopita walisema mwaka huu alizeti inaangalia kwa mama Febronia, wakaenda zao kisimani.

Baada ya wiki tatu vichwa vilikauka, bado vikiuelekea mlango ule. Leonidas akaja na panga, akaingilia upande wa pili wa shamba.

"Habari za asubuhi, shemeji."

"Nzuri," alijibu Febronia.

Leonidas akashika kichwa cha kwanza, akakata. Akasema kuvikata kwa nyuma hivi ni rahisi zaidi, maana shingo iko wazi.